Ufito wa Taifa

Kuna nchi moja ambayo sitasema iko wapi, kwa sababu wenyewe hawapendi kusemwa. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, lakini ukifungua mlango wako asubuhi ukakuta foleni, basi umekwisha fika. Inaitwa Jamhuri ya Tulivu, na raia wake huitwa Watulivu. Jina hilo walipewa na serikali yao bila kuulizwa, nao wakatulia.

Katika nchi hiyo aliishi Kondo Mbaruti, mchimba makaburi kwa kazi ya kurithi na Mpima Mkuu wa Mahakama kwa kazi ya kutupiwa. Ili mtu aelewe mchimba makaburi aliingiaje mahakamani na udongo miguuni, lazima kwanza aelezwe Sheria ya Ulinzi wa Rafu. Nitaieleza bila kucheka, maana kuicheka ni kosa chini ya kifungu chake cha tisa.

Zamani mtu akiiba dukani, mahakimu wa Tulivu walimuuliza mambo mawili: umeiba nini, na kwa nini. Maswali hayo yaliisumbua sana serikali. La kwanza watu walijibu "unga", la pili wakajibu "njaa", na njaa ilikwisha futwa nchini kwa tangazo rasmi miaka sita nyuma. Ikawa kila kesi ya wizi inaitolea serikali ushahidi wa uongo. Ikaundwa Tume. Waheshimiwa kumi na wanne, pamoja na wake zao, wakazunguka nchi za baridi kwa miezi minane wakitazama maduka ya wenzetu, kisha wakarudi na masanduku mazito na jibu jepesi. Mwizi asiulizwe tena ameiba nini wala kwa nini. Aulizwe ameiba kutoka rafu yenye urefu gani.

"Mwizi anayeinama, ndugu zangu, ni mwizi mwenye adabu," alifafanua bungeni Waziri wa Rafu na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Ngwale Sumbizi. "Ameinama mbele ya dola! Lakini anayenyoosha mkono juu, huyo hafuati sabuni. Anaunyoosha mkono dhidi ya mamlaka. Leo sabuni, kesho Ikulu!"

Wabunge wakapiga meza. Mmoja alipiga mpaka akaamka.

Mbunge wa upinzani, aliyekuwa amebaki peke yake na akiba ya koti moja, alisimama kuuliza sheria inasemaje kuhusu wale waungwana waliobeba sukari ya ghala zima la serikali mwaka uliopita. Waziri alimjibu kwa upole kwamba ghala halina rafu. Sukari ilikuwa sakafuni, na sakafu haina urefu, kwa hiyo hakuna cha kupima. Swali likafungwa, na muulizaji naye baadaye akafungwa.

Basi sheria ikapita hivi. Kitu kilichoibwa kisipovuka goti, mwizi atafagia mahakama wiki moja. Kikivuka goti lakini hakijavuka kiuno, miezi sita. Kikivuka kiuno lakini hakijavuka jicho, miaka miwili. Na kikivuka jicho, miaka saba na kazi ngumu.

Goti la nani? Hapo palizuka ubishi, kwa kuwa Watulivu, kama watu wa nchi nyingine, hawakuumbwa kwa kalibu moja ya matofali. Ikaamuliwa kwamba goti ni la Mkuu wa Utulivu, mtawala wa nchi, na kiuno ni chake, na jicho ni lake. Mkuu atapimwa, vipimo vyake vitachorwa mistari mitatu kwenye ufito mmoja, na huo ndio utakuwa Ufito wa Taifa.

Sasa tatizo. Kwa Watulivu, mtu hapimwi kwa ufito akiwa hai. Ufito ni wa maiti. Mtu akishafariki, mchimba kaburi huja na ufito, akampima kichwa hadi nyayo, akaenda nao makaburini ili shimo lisimkatae mwenyewe. Kumsimamishia ufito mtu anayepumua ni kumtakia udongo. Afisa gani angethubutu kumwendea Mkuu na kitu kile mkononi? Miezi mitatu ilipita maafisa wakiugua kwa zamu. Mwishowe mzee mmoja wa itifaki akaja na ufumbuzi: asipimwe Mkuu, kipimwe kivuli chake. Kivuli si mtu, ila ni cha mtu. Na wa kukipima akatafutwa mtu mwenye uzoefu wa kupima watu kwa ufito, ambaye katika miaka thelathini hakuna hata mmoja aliyepimwa naye akalalamika. Ndivyo Kondo Mbaruti alivyopelekwa Ikulu.

Mkuu wa wakati ule alikuwa na wageni wa chakula cha mchana, kwa hiyo kivuli chake kilitolewa nje saa sita kasoro dakika chache. Jua lilikuwa utosini. Kivuli kilijikunja miguuni mwa mwenyewe kama mbwa aliyekemewa.

"Waheshimiwa, tungengoja alasiri," Kondo alisema.

"Mkuu hana alasiri," alijibiwa. "Pima."

Akapima. Kivuli hakina macho wala magoti, kwa hiyo sehemu hizo zilipatikana kwa kura ya maafisa waliokuwepo. Mstari wa jicho ulipochorwa ukawa unamfikia Kondo kwenye nyonga. Wa goti ulimfikia kwenye kifundo cha mguu.

Unaona basi mambo yalivyokuwa. Dukani, isipokuwa ukiiba zulia, kila kitu kilikuwa juu ya jicho. Magereza yakajaa hadi wafungwa wakawa wanalala kwa zamu, na gazeti la serikali likaandika kwamba Tulivu inaongoza bara zima kwa kukamata wahalifu warefu.

Kondo akapewa kofia yenye nembo, na kwa miaka minne akazunguka duka hadi duka pamoja na mahakama. Kazi yake ilikuwa kusimamisha ufito kando ya rafu na kutangaza kwa sauti kubwa, kama kanuni ilivyotaka: "Jicho!" Alilisema neno hilo mara nyingi hata likamwishia maana. Nyumbani alijiambia kwamba ufito ndio unaosema, yeye anaushika tu. Sijui kama aliamini. Mimi ningekuwa yeye nisingeamini, lakini mimi sikupewa kofia.

*

Kisha Mkuu akafariki. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, ingawa hadi leo wapo wanaosema ni ule ufito.

Akashika nafasi Mkuu mwingine. Sitasema alikuwa mfupi. Nitasema tu kwamba kiti cha mtangulizi wake kilikatwa miguu, na waandishi wa habari waliagizwa wampige picha wakiwa wamelala chali. Kwa mujibu wa sheria, ufito wa zamani ulikoma siku ya mazishi, na kesi zote za rafu zikasimama kungoja vipimo vipya.

Miongoni mwa kesi zilizosimama ilikuwamo ya Semeni Likoko.

Semeni alikuwa mwosha maiti wa kike wa mtaa mmoja na Kondo. Kwa miaka ishirini walikuwa wakikutana misibani, yeye akitoka ndani na ndoo, Kondo akingoja uani na jembe. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini watu waliofanya kazi ile pamoja huitana kaka na dada, na si kwa adabu tu. Mwezi mmoja na nusu kabla ya haya, binti wa pekee wa Semeni alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Semeni alimwosha mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Kondo alimchimbia, na siku ile udongo ulimshinda, akakaa chini kwenye ukingo wa kaburi akalia kama mtoto, watu wakamwachia.

Kikabaki kichanga, msichana aitwaye Zaina. Maziwa ya ng'ombe yalimtia tumbo la kuharisha. Zahanati walisema apewe ya kopo. Kopo lilikuwa dukani kwa Bwana Sudi, rafu ya tatu, na Semeni alikwenda kulitazama siku tatu mfululizo kabla ya siku ya nne kutoka nalo ndani ya khanga. Hakufika hata kona.

Kondo alimfuata mahabusu na mkate.

"Dada Semeni, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, kaka? Wewe mwenyewe mshahara wako una miezi mitano haujatoka. Ningekuja kukuaibisha mlangoni kwako?" Aliukata mkate vipande viwili, akamrudishia kimoja. "Mtoto yuko kwa jirani, Mama Tatu. Anampa maji ya mchele. Amekonda hata kulia hawezi sawasawa. Kaka, miaka saba! Nitatoka nikute kaburi, au nikute mtu asiyenijua."

"Haitakuwa saba."

"Wewe ndiye unayesema jicho, nami nimekusikia ukisema. Tena una sauti."

Kondo aliinamisha kichwa. Ilimchoma, maana ilikuwa kweli. Halafu akasogea karibu na nondo.

"Sikiliza. Ufito mpya nitaupima mimi, hakuna mwingine. Nitawafanya wangoje alasiri. Kivuli cha alasiri ni kirefu hata mtu awe nani. Jicho litakwenda juu huko kwenye mapaa, na goti litapita rafu zote za Sudi. Utafagia mahakama wiki moja, utarudi kwa mjukuu wako."

"Usije ukajitia matatani kwa ajili yangu."

"Matatani kwa lipi? Jua ndilo litakalofanya kazi."

*

Siku ya kipimo, Waziri Sumbizi alimsimamisha Mkuu uani mwa Ikulu saa tano na nusu, akisema ndivyo mila ya taifa ilivyo tangu enzi, enzi hizo zikiwa za miaka minne. Bendi ilikuwa tayari.

Kondo akapiga magoti. 

"Mheshimiwa Mkuu, saa hizi kivuli cha mtu yeyote ni kifupi."

Bendi ikanyamaza. Neno lile lilikuwa halijatamkwa Ikulu tangu uapisho. Waziri alikohoa, afisa mmoja akatazama lango kuona kama liko wazi.

"Na alasiri?" aliuliza Mkuu taratibu.

"Alasiri, Mheshimiwa, kivuli chako kitafika kwenye yale maua."

Mkuu aliyatazama maua. Yalikuwa mbali. Alitazama miguuni pake, akatazama maua tena.

"Tutangoja," alisema.

Wakangoja, mabalozi wawili wakazimia kwa jua, bendi ikarudia wimbo wa taifa mara thelathini na moja. Saa kumi na nusu kivuli kikatoka. Kikapita bustani, kikapita maua, kikagusa kibanda cha mlinzi, na mlinzi akakaa sawa. Kondo alilazimika kuunganisha mianzi miwili kwa kamba. Mstari wa goti ulipochorwa ulimzidi yeye mwenyewe kimo. Wa jicho ulikuwa juu huko, mahali pa popo.

Mkuu aliusimamisha ufito mbele yake, akautazama hadi ncha. Machozi yakamlengalenga.

"Hivi ndivyo ninavyojihisi siku zote," alisema. "Basi tu nilikosa mtu wa kunipima."

Kondo alitoka Ikulu akikimbia, mtu wa miaka hamsini na nane, mwanzi begani, akapitia mahabusu kabla ya kufika kwake. Alipomweleza Semeni habari ya mlinzi na kivuli, Semeni alicheka. Alikuwa hajacheka tangu msiba. Kondo aliporudi nyumbani alilala usingizi ambao hakuupata kwa miaka minne, na mimi simlaumu. Mtu aliyefanya jema moja ana haki ya kulala usiku mmoja.

*

Alikuwa na usiku mmoja kweli. Asubuhi Waziri Sumbizi alizungumza redioni.

"Wananchi! Tumepata neema ya Mkuu mrefu kuliko wote katika historia. Lakini nasikitika, na nasema kwa uchungu, kwamba nimepita madukani jana nikakuta bidhaa za taifa zimelala chini ya goti lake kama makapi! Sukari chini ya goti! Mafuta chini ya goti! Je, mnataka Mkuu ainame? Mkuu akipanda, na nchi ipande naye. Kila rafu nchini iinuliwe kwa kadiri ileile, ndani ya siku mbili."

Nchi nzima ikasikika nyundo. Rafu zilizokuwa kiunoni mwa watu zikapandishwa juu ya milango. Wenye maduka ya dari fupi walitoboa mapaa. Na ili wezi wasinufaike, ngazi, viti, ndoo za kukanyagia na watu warefu vilipigwa marufuku madukani, isipokuwa kwa mwenye duka aliye na kibali cha ngazi. Vibali vilikuwa vikishughulikiwa. Kwa hiyo hapakuwa na aliyeweza kununua wala kuuza, bidhaa zikabaki huko juu zimejaa pomoni, na Wizara ikatangaza kwamba kwa mara ya kwanza tangu uhuru hakuna duka hata moja la Tulivu lililopungukiwa kitu.

Kondo alisikia nyundo akidhani watu wanajenga. Alipoambiwa ni nini, alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Mahakama ililetwa dukani kwa Bwana Sudi siku ya tatu. Hakimu Tiburusi Mlelwa aliwekewa meza kati ya ndoo za plastiki. Semeni akasimamishwa kando ya mizani, askari kushoto na kulia. Rafu ya tatu ilikuwa juu karibu na boriti, na makopo ya maziwa yalionekana vitako tu.

"Mpima, tekeleza," alisema Hakimu.

Kondo alivua kofia. "Mheshimiwa Hakimu, siku dada huyu alipochukua kopo, rafu haikuwa pale. Ilikuwa hapa. Matundu ya misumari haya, yaguse mwenyewe. Bwana Sudi yupo, muulize."

Bwana Sudi akaanza kutafuta kitu chini ya kaunta, akakitafuta mpaka kesi ikaisha.

"Mpima," alisema Hakimu, "umeajiriwa kupima au kukumbuka?"

"Kupima, Mheshimiwa."

"Pima."

Kondo akasimamisha ufito. Alitamani rafu iwe imepungua hata kidogo, fundi awe amelewa, ubao uwe umepinda. Fundi hakuwa amelewa. Kopo lilivuka mstari wa jicho kwa upana wa kidole. Kidole kimoja. Angeweza kuuinua ufito kwa kidole hicho, angeweza kuuegemeza vibaya, angeweza kusema "kiuno" na kungoja nani atapanda kuhakikisha katika nchi isiyo na ngazi. Aliyawaza yote hayo, ninaapa aliyawaza. Semeni alikuwa akimtazama. Hakimu alikuwa akimtazama. Kinywa cha Kondo kilikuwa na mazoea ya miaka minne, kikafunguka chenyewe.

"Jicho!"

Miaka saba na kazi ngumu. Semeni hakupiga kelele. Askari walipomgeuza kumtoa, alisimama kidogo mbele ya Kondo.

"Hukuwa na haja ya kupaza sauti, kaka," alisema. "Nilikuwa karibu."

*

Mahakama iliondoka na meza yake. Kondo alibaki pale katikati ya duka ameshika mwanzi.

"Bwana Sudi, niuzie kopo moja la maziwa," alisema, akatoa pesa alizokopa kwa shemeji yake.

"Mzee Kondo, unaniponza. Nitalifikiaje? Kibali cha ngazi wameniambia mwezi wa nane."

"Basi nitalishusha mwenyewe, nawe upokee hela yako."

"Kupokea hela ya kitu ambacho sikukishusha kwa ngazi halali ni kosa. Nina watoto, Mzee. Rudisha mfukoni, tafadhali, watu wasituone."

Kondo akarudisha hela mfukoni. Halafu akauinua Ufito wa Taifa, akaupitisha nyuma ya makopo, akavuta. Moja likatikisika, likaanguka, akalidaka kifuani. Akaliweka kwapani na kutoka.

"Mwizi!" Sudi alipiga kelele kwa huzuni, kwa sababu sheria ilimtaka apige. "Mwizi jamani!"

Mlangoni palikuwa na askari. Aliona kopo, akaona ufito, akachagua. Akabana miguu na kuupigia ufito saluti.

Mtoto Zaina alinywa maziwa jioni ile kwa Mama Tatu hadi jasho likamtoka puani. Kondo alikaa akimwangalia mpaka chupa ikaisha. Kisha akaenda mwenyewe kituo cha polisi, akasema ameiba, akataka aandikwe. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Aliona aibu, na alijua kwamba katika Tulivu mtu husikilizwa mahali pamoja tu, kizimbani. Alitaka asimame pale, aseme kwa mdomo wake alichoshindwa kusema alipokuwa na kofia, na kama ni miaka saba basi aende nayo, alau awe upande mmoja na Semeni.

Kesi yake ilisikilizwa baada ya siku mbili, dukani palepale. Kwa kuwa nchi ilikuwa na mpima mmoja, mshtakiwa alipewa ufito ajipimie.

"Mzee wetu," alisema Hakimu Tiburusi, safari hii akitabasamu, "najua umechoka. Na macho nayo ni ya siku nyingi. Pima taratibu. Ukiona chini, sema chini. Hakuna atakayekubishia."

Karani akamkonyeza. Hata Bwana Sudi, aliyeibiwa, alimkonyeza.

Kondo akasimamisha ufito. "Jicho!"

"Sikusikia vizuri."

"Jicho, Mheshimiwa! Limevuka kwa kidole kimoja. Rafu ni ileile, kopo ni lilelile, ufito ni huuhuu!"

"Karani," alisema Hakimu, "andika goti."

"Ni jicho!"

"Mzee Kondo, mtumishi wa umma haibi. Huteleza. Na kuteleza, kisheria na kimaumbile, hutokea chini." Hakimu alifunga jalada. "Atafagia mahakama wiki moja, na mahakama inampongeza kwa unyenyekevu."

Watu wakapiga makofi. Kondo alipiga kelele juu ya makofi yale, mishipa ya shingo imemtoka.

"Basi andikeni goti na kwa Semeni! Kama langu ni goti na lake ni goti!"

Hakimu alimtazama kwa mshangao wa kweli, akamgeukia karani.

"Semeni nani?"

*

Alifagia. Siku ya pili walimpa mtu wa kumsaidia, ya tatu wakampa kiti. Siku ya nne gazeti la serikali likatoa picha yake na ufagio chini ya maneno NIDHAMU HUANZIA JUU. Wiki ilipoisha alirudishiwa kofia yake ikiwa imefuliwa.

Jumamosi alikwenda gerezani. Semeni alikuwa amenyolewa, na mikono yake iliyoosha wafu wa mtaa mzima ilikuwa na malengelenge ya kuponda kokoto. Hakumuuliza Kondo habari za kesi. Alikwisha zisikia, maana gerezani magazeti hufika kufungia sabuni.

"Mtoto anakunywa?"

"Anakunywa. Ameanza kunenepa mashavu. Juzi alinishika kidole hakutaka kuachia."

Semeni alifumba macho, akayafumbua. "Kopo limefika wapi?"

"Limebaki la siku mbili, labda tatu."

"Na baada ya hapo?"

"Nitachukua lingine."

"Kaka Kondo, watakufunga."

"Hawatanifunga, dada," alisema Kondo. "Nimekwisha jaribu."

Semeni akageukia ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe akalia.